Kubadili Bega

Ndugu msomaji, nianze na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nilikuwa kidato cha tatu hapa Tabora mjini, mkimbiaji wa mita 1500. Siku hiyo tulikuwa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi tukichujwa kupata timu ya mkoa itakayokwenda UMISSETA. Mita 1500, kwa asiyejua, ni mizunguko mitatu na robo tatu. Ule wa kwanza nilikuwa wa pili. Uliofuata nilikuwa wa pili vilevile. Pumzi ninayo, miguu ninayo, jua la asubuhi bado halijawa kali. Basi tulipoingia mzunguko wa tatu, wazo moja likanijia kichwani kama inzi aliyenaswa ndani ya chupa: leo utashindwa mbele ya watu wote hawa. Nikalifukuza, likarudi. Nikaongeza mwendo ili niliache nyuma, nalo likaongeza mwendo. Mara nikajikuta nimetoka nje ya mstari, nimekaa kwenye majani, nimeshika paja kana kwamba msuli umekaza. Msuli haukuwa umekaza. Nilikuwa ninadanganya.

Mwalimu aliyetusimamia alikuwa mtu mzima, mambo hayo anayajua. Hakuniuliza kitu. Aliwaita wenzangu wote, akanionyesha kwa fimbo yake, akasema hata wasichana wa darasa la tano wana moyo kunishinda. Kisha akaanza ile hadithi yake ya kila siku, habari za John Stephen Akhwari.

Habari yenyewe ni ya kweli, na kila Mtanzania anastahili kuijua. Oktoba 20, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Akhwari wetu, mwana wa Mbulu, alianguka njiani akaumia vibaya goti. Akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja nyuma. Giza limeingia, watu wengi wameshaondoka, ndipo Akhwari akaingia uwanjani na kumaliza, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dunia inamheshimu mpaka leo. Lakini mwalimu wetu aliigeuza heshima hiyo kuwa mjeledi. "Akhwari alivunjika akamaliza, wewe mzima umekaa!" Nami nikaamini kwamba mimi si kitu.

Kwa miaka mitatu sikukimbia tena. Hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni kwamba usiku sikulala. Nikipita karibu na uwanja tumbo linanisokota, nikawa nazunguka njia ndefu nisiuone hata ukuta wake. Nyumbani walidhani malaria. Nikapimwa mara mbili, hakuna mdudu. Wenzangu niliwaambia msuli haujapona, na uongo ule ukawa kama jino bovu, nautafunia chakula kila siku. Ndivyo tulivyo sisi vijana wa michezo: ukiumwa goti kila mtu atakuchemshia maji ya chumvi, ukiumwa moyo utaambiwa unadeka.

Nilidhani yamekwisha. Nikaenda Dodoma kusomea ualimu, nikawa mtu wa vitabu. Mwaka jana, usiku mmoja, simu ya mama ikalia, kumbe anayepiga ni mdogo wangu wa kike, kidato cha pili, mkimbiaji wa mita 800.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi, mbona saa hizi?"

"Kaka, kila siku ya mashindano natapika. Hata jana nimetapika. Halafu nikianza kukimbia naona kama miguu si yangu. Nifanyeje?"

Nilimjibu harakaharaka, kama mtu anayefukuza kuku sebuleni: "Toa woga, mdogo wangu. Jiamini tu."

Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema taratibu, "Nimejaribu kuutoa, kaka. Hautoki."

Msomaji mpenzi, usiku ule sikulala tena. Nilikuwa nimemchapa mdogo wangu kwa fimbo ileile niliyochapwa mimi, tofauti ni kwamba yangu niliifunga kitambaa cha upole.

Sasa, chuoni tunasoma saikolojia kidogo, ya kufaulia mtihani. Safari hii niliisoma kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa wake. Nikakutana na jaribio la mwaka 1987 la Daniel Wegner wa Marekani na wenzake. Waliwaambia wanafunzi: semeni lolote linalowajia akilini, lakini msimfikirie dubu mweupe. Akikujia, gonga kengele. Basi kengele zikalia! Tena baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, wale waliokuwa wamekatazwa mwanzo walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa. Mimi dubu sijamwona, wala mweupe wala mweusi, lakini hebu nawe jaribu kutomfikiria. Umemwona? Basi mwambie mtoto aliye kwenye mstari wa kuanzia "usiogope", uone kama kengele haitalia.

Mbele zaidi nikamkuta Steven Hayes, Mmarekani mwingine, aliyechapisha kitabu mwaka 1999 pamoja na wenzake juu ya kile ambacho kwa Kiswahili tungeweza kukiita unyumbufu wa akili. Fimbo kavu ukiipinda inavunjika. Fimbo mbichi inanyumbuka, inarudi. Nilivyomwelewa mimi, kwa maneno ya nyumbani, ni kwamba mtu mwenye akili nyumbufu si yule asiyekuwa na hofu. Ni yule ambaye hofu inamjia, anaitambua kuwa ni hofu, haigombezi wala haitii, na bado miguu yake inaelekea kwenye jambo analolithamini. Na pale njia ya kwanza inapofungwa, anatafuta nyingine bila kujiona amekufa.

Hilo la njia kufungwa tunalo mfano wake hapahapa kwetu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1976 dunia ilikuwa ikimsubiri Olimpiki ya Montreal. Tanzania ikasusa pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa sababu New Zealand ilicheza raga na makaburu. Fikiria wewe, kijana, uko kwenye ubora wako, na mlango unafungwa kwa sababu iliyo kubwa kuliko wewe. Miaka minne baadaye Bayi alikwenda Moscow, lakini si kwa mita 1500. Aliingia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akarudi na medali ya fedha. Pamoja na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5000, mpaka Paris 2024 hizo ndizo medali zetu mbili pekee za Olimpiki. Mwalimu wetu hakuwahi kutusimulia habari hiyo. Sijui, labda haikuwa na damu ya kutosha.

Vizuri. Lakini utamwambiaje hayo mtoto wa kidato cha pili anayetapika? Likizo ilipofika nikapanda treni ya reli ya kati, ile ya zamani iendayo Kigoma, nikarudi Tabora bado sina jibu.

Jibu nililikuta kwa babu, mzaa baba, anayeishi kijijini nje kidogo ya mji. Nilimwamkia "Mwangaluka" kama anavyopenda, akafurahi, tukakaa chini ya mwembe na sahani ya matobolwa na karanga. Nikamweleza habari za mdogo wangu. Zangu sikumweleza.

Babu hana habari na saikolojia. Alichonacho ni habari za babu yake yeye, aliyekuwa pagazi. Nyie wa mikoa mingine huenda mkasahau, lakini huku kwetu upagazi ni kama ubaharia kwa watu wa pwani. Karne ya 19 misafara ya kwenda Bagamoyo na kurudi ilijaa Wanyamwezi. Toka Bagamoyo, kupitia hapa Unyanyembe, mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ni kama kilomita 1,200, na mtu alizitembea na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Mwingine alibeba pembe, mwingine mtumba wa nguo. Ndiyo, neno lilelile tunalolitumia kwa nguo za kuchagua sokoni. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado mtoto.

"Babu," nikamwuliza, "hawakuogopa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Unauliza kama hawakuogopa! Simba wapo, kiu ipo, ndui ipo, njaa ipo Ugogo huko. Waliogopa sana."

"Sasa waliutoaje woga?"

"Nani aliutoa? Sikiliza, mjukuu wangu. Mzigo ule hakuna aliyeupenda. Ungemwuliza pagazi kama bega linauma angekuona mjinga. Linauma, eeh, sasa? Anauhamishia bega la pili. Likichoka hilo, anarudia la kwanza. Hasubiri maumivu yaishe ndipo atembee. Angesubiri hivyo, pwani angefika lini?"

Akachukua tobolwa jingine, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya tumbaku. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokifuata.

Kesho yake nikamchukua mdogo wangu, tukaenda kwa miguu mpaka Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Stanley alipoondoka Machi kurudi pwani, Livingstone alibaki hapo mpaka Agosti akisubiri Stanley amtumie wapagazi. Miezi mitano! Mtu mashuhuri wa dunia nzima amekaa barazani hana la kufanya, kwa kuwa mabega ya kumbebea hayajafika. Mdogo wangu alilipenda hilo. "Kumbe bila wao hakuna safari," akasema.

Tukakaa kivulini. Nikamweleza habari ya kubadili bega, na ile ya dubu. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, ule woga tuupe jina. Tukauita Mgeni. Ukija asubuhi ya mashindano asiseme "mimi ni mwoga," aseme "Mgeni kafika." Nadhani msomaji unaiona tofauti. Nyumba si mgeni, na mgeni si nyumba. La pili likatoka kwake mwenyewe, kwa kuwa wahenga wametusaidia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Tumpe jembe gani?" nikauliza.

Akafikiri. "Ahesabu hatua. Si anapenda kuongea? Basi ahesabu."

Nikamwuliza pia swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi: kwa nini unakimbia? Nilitegemea atasema medali, au kumfurahisha mama. Akasema, "Napenda pale mita mia mbili za mwisho. Upepo masikioni, hakuna mtu ananiita. Nyumbani naitwa kila dakika."

Hilo ndilo Bagamoyo yake, nikawaza. Medali ni kituo cha njiani tu.

Nilikuwa nimeanza kujiona mganga, ndipo akanishusha. Alikuwa akiitazama ile njia inayoelekea mjini, akasema, "Na wale wa minyororo, kaka? Nao walibadili bega?"

Nikakosa jibu. Maana ni kweli. Njia ileile iliyopitisha wapagazi waliolipwa ujira ilipitisha watu waliofungwa shingoni, waliokokotwa kwenda kuuzwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia anyumbuke utakuwa unamtukana. Yeye hahitaji bega la pili. Mnyororo ukatwe.

Nimelifikiri swali hilo kuliko yote niliyosoma chuoni. Wako vijana wa michezo wanaochapwa, wanaonyimwa chakula ili wapungue, wanaochezeshwa na mfupa umepasuka, wasichana wanaotakiwa kutoa miili yao ili wapangwe kwenye timu. Kwa hao neno unyumbufu linaweza kuwa fimbo mpya, mara hii fimbo ya kisomi. Wapagazi wenyewe walijua kupambanua. Posho ilipopunjwa, waliweka mizigo chini wakagoma. Msafara uliokuwa wa ukatili, waliutoroka usiku. Kuweka mzigo chini nako ni akili, wala si woga. Simone Biles wa Marekani alifanya hivyo mbele ya dunia nzima, Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alipoona akili na mwili havielewani hewani na kwamba anaweza kuvunjika shingo. Wakamwita majina yote. Mwaka 2024 Paris akarudi, akachukua dhahabu tatu.

Basi nikamwuliza mdogo wangu waziwazi, kuna mtu anakuumiza? Akatikisa kichwa. "Hapana. Mwalimu wetu ni mpole. Ni mimi tu." Nikashusha pumzi. Huo ulikuwa mzigo wa kubadilishiwa bega.

Mashindano ya shule yalikuwa wiki iliyofuata, uwanja uleule. Niliingia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na tumbo langu likasokota kama kawaida. Nikasema moyoni, Mgeni kafika. Mdogo wangu alitapika nyuma ya choo, akasukutua, akaenda kwenye mstari. Sikumwambia usiogope. Nilimwambia, "Nipo pale kwenye mti."

Alimaliza wa nne. Waliotakiwa ni wawili. Nataka ulijue hilo, msomaji, usije ukadhani nakuuzia dawa ya kushinda. Alikuja anahema, magoti yana vumbi, akainama kidogo, akasema, "Kaka, alikuwepo mpaka mwisho."

"Nani?"

"Mgeni. Kalima mizunguko yote miwili." Akacheka, nami nikacheka.

Enyi walimu wa michezo, wengi wenu mna moyo na hamlipwi hata nauli. Ninawaomba jambo moja. Mtoto akitoka nje ya mstari, kabla ya kumtajia Akhwari, mwulizeni kwanza nini kilimjia. Huenda akawaambia. Huenda kweli ni goti. Huenda ni jambo zito linalotaka mkubwa aingilie, au hospitali. Akhwari alijichagulia mwenyewe kuinuka, hakuna aliyesimama nyuma yake na fimbo.

Watu walipopungua nikamwomba mdogo wangu tuzunguke uwanja taratibu. Tulipofika pale kwenye kona nikasimama. Nikamwambia, "Hapa ndipo nilipoacha mbio. Siku ile msuli haukuwa umekaza. Nilidanganya. Niliogopa tu."

Hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia. Mama hajui, babu hajui. Nilingoja anicheke.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na sita."

"Aa, kaka. Si ulikuwa mtoto tu."

Akanishika mkono, akanivuta. Tukamalizia ile kona, mimi na viatu vyangu vya chuoni, hatukimbii, tunatembea, mpaka kwenye mstari wa kumalizia. Tulipoupita akasema tuharakishe, mama kapika nsansa na ugali utapoa.